Garimoshi Likishafika: Hesabu ya Kupanda Basi Stesheni

Garimoshi la abiria wa mjini huleta watu kwa mkupuo mmoja, hali basi huwachukua kwa mafungu. Katika tofauti hiyo, ambayo mtu aliye nje ya stesheni huenda asiitambue, ndimo inamozaliwa sehemu kubwa ya adha ya safari: msongamano, kusukumana, na saa nzima kupotea baada ya mwendo ambao kwa reli ulichukua dakika chache tu. Aghalabu watu huilaumu tabia ya abiria. Lakini kwa kiasi kikubwa jambo lenyewe ni la hesabu, na hesabu hiyo haizidi ile inayofundishwa katika vidato vya mwanzo vya shule ya sekondari.

Mji wa Dar es Salaam unafaa kuwa mfano, kwa kuwa reli zake zilijengwa katika vipindi vitatu kwa vipimo vitatu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Ile ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ina milimita 1,067. Reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina milimita 1,435. Milimita 67 ni kiasi cha urefu wa kidole tu, lakini zatosha kulizuia behewa la reli moja lisiingie katika nyingine. Mzigo huhamishwa kwa kreni. Abiria hana budi kuhama kwa miguu yake, au kwa basi.

Mwezi Oktoba 2012 yalianzishwa magarimoshi ya abiria wa mjini katika reli zote mbili za zamani: moja kati ya Ubungo Maziwa na stesheni ya katikati ya mji, jingine kati ya Mwakanga na stesheni ya TAZARA. Wananchi waliliita garimoshi la Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Stesheni ya TAZARA iko katika barabara ya Nyerere, mbali na katikati ya mji, na kwa hiyo abiria aliyeshuka pale akielekea Kariakoo au Posta alikuwa amemaliza nusu tu ya safari yake. Nusu iliyobaki ilianzia kwenye mlango wa basi.

Na tuchukue stesheni ya kubuni, ili hesabu iwe nyepesi. Kila saa hufika garimoshi moja lenye abiria 480 wanaotaka basi. Kila dakika 5 huondoka basi moja lenye nafasi 60. Ofisini hesabu yaonekana njema: mabasi 12 kwa saa, mara nafasi 60, ni nafasi 720. Abiria ni 480, basi zinabaki nafasi 240. Mpangaji aweza kusema kwamba huduma imezidi mahitaji.

Lakini abiria wale 480 wote wamefika katika dakika ile ile. Basi la kwanza litaondoka baada ya dakika 5 na abiria 60, la pili baada ya dakika 10, na la nane, litakalowachukua wa mwisho, baada ya dakika 40. Wastani wa kungoja ni jumla ya 5, 10, 15 hadi 40, yaani 180, ikigawanywa kwa 8: dakika 22 na nusu. Mabasi manne yatakayofuata yataondoka karibu matupu. Hivyo katika stesheni moja, katika saa moja, kuna watu waliosimama juani dakika 40 na kuna viti 240 vilivyosafiri bila mtu. Wastani wa saa umeficha yote mawili.

Dawa yake yajulikana, na haihitaji basi hata moja la nyongeza. Mabasi yale yale yakipangwa ili manne yawe yamesimama tayari katika maegesho manne wakati garimoshi linapoingia, na mengine manne yawe nyuma yake, uwanja waweza kuwa mtupu kwa muda wa dakika chache. Sharti lake ni moja, nalo ni gumu: garimoshi lije kwa saa yake.

Likichelewa, dereva wa basi huingia katika swali ambalo wasafiri hulijibu kwa hasira na wahandisi hulijibu kwa kuzidisha. Basi lina watu 40 ndani. Likingoja dakika 6, litawapata abiria 10 wa garimoshi, ambao vinginevyo wangengoja basi lifuatalo kwa dakika 10. Hasara ni 40 mara 6, yaani dakika 240 za watu; faida ni 10 mara 10, yaani 100. Basi na liende. Sasa iwe ni saa tano ya usiku na hilo ni basi la mwisho. Abiria wale 10, pengine muuguzi wa zamu ya usiku na mwanafunzi mwenye mtihani wa asubuhi miongoni mwao, wakiachwa watangoja hadi alfajiri au watembee gizani. Hata watu wanne tu wakingoja saa sita hupoteza dakika 1,440. Basi na lingoje. Kanuni haikubadilika, iliyobadilika ni namba iliyotiwa ndani yake. Kwa sababu hiyo ratiba nzuri huwa na amri mbili tofauti, ya mchana na ya basi la mwisho.

Baada ya kulipata basi, kuna kuingia ndani yake. Hapo kipimo kikuu ni sekunde anazotumia mtu mmoja mlangoni. Iwapo kila abiria hulipa nauli akiwa ngazini na kutumia sekunde 5, watu 60 katika mlango mmoja watatumia sekunde 300. Tukiongeza sekunde 20 za basi kuondoka na jingine kuingia, egesho moja litahudumia mabasi 11 kwa saa, yaani watu 660. Basi jingine lina milango mitatu, sakafu yake iko sawa na jukwaa, na nauli imelipwa kabla. Watu 20 kwa kila mlango, sekunde 2 kwa kila mtu, ni sekunde 40. Pamoja na zile 20 ni dakika moja. Egesho lile lile sasa laweza kuhudumia mabasi 60, yaani watu 3,600. Hapakuongezwa lami wala injini. Uliongezwa mlango, ikaondolewa ngazi, na mkono wa mkata tiketi ukahamishwa.

Mji wa Curitiba nchini Brazili ulilitumia wazo hili mwaka 1991 kwa kujenga vituo vyenye umbo la bomba, ambamo abiria hulipa akiingia na kisha hutoka bombani moja kwa moja hadi ndani ya basi. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwezi Mei 2016, yalifuata njia hiyo hiyo ya jukwaa la juu na malipo ya kabla. Wazee wa mji huo wanakumbuka pia yale mabasi marefu ya Ikarus yaliyoungwa katikati, ambayo shirika la UDA liliyatumia na watu wakayaita kumbakumba. Milango yake mingi ilikuwa nusu ya faida yake. Ngazi zake zilikuwa nusu ya hasara.

Daladala lina hesabu yake ya pekee. Kondakta hukusanya nauli gari likiwa mwendoni, na kwa hiyo malipo hayachelewi mlangoni. Kinachochelewa ni mlango wenyewe, ambao ni mmoja, mwembamba, na hutumiwa na wanaoshuka na wanaopanda. Hapa ndipo mwanafunzi anapoumia. Nauli ya mwanafunzi ni sehemu tu ya nauli ya mtu mzima. Wakati watu ni wachache, mwanafunzi ni faida, kwa kuwa kiti kingekwenda kitupu. Garimoshi linapomwaga watu mia kadhaa kwa mkupuo, kiti kitupu hakipo, na kila mwanafunzi aliyeingia amechukua nafasi ya nauli kamili. Kondakta anayemzuia mwanafunzi mlangoni anatenda kosa, lakini kosa hilo hutokea zaidi katika dakika zile zile ambazo mkupuo umefika, na mkupuo ukitawanywa sababu yake hupungua. Pale ambapo malipo hufanyika langoni mwa kituo, mbali na gari, kondakta hana tena fursa ya kuchagua nani apande.

Kuhusu kusukumana, kuna jaribio linaloweza kufanywa darasani kwa gharama ndogo mno. Chupa ya plastiki ikatwe kitako na kupinduliwa, mdomo wake uwe chini na umezibwa kwa kidole. Kwanza itiwe mtama. Kidole kikiondolewa, mtama hutiririka hadi mwisho. Kisha yatiwe maharagwe makavu. Yatatoka machache, kisha yatakwama. Mwanafunzi akichungulia ataona punje zimejipanga kwa umbo la tao juu ya tundu, kila moja ikiegemea mwenzake, kama mawe ya tao la mlango wa nyumba za kale za pwani. Sasa ayasukume kutoka juu kwa kiganja. Hayatoki, tao huzidi kukaza, kwa maana msukumo huongeza msuguano kati ya punje na punje. Akiitikisa chupa kidogo, hutoka. Kwa kadiri, tundu likiwa na upana mara nne au tano ya punje, tao kama hilo hujengeka kwa nadra.

Mlango wa daladala hauna upana wa mabega manne. Mwaka 2000 Dirk Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek walionyesha kwa kompyuta kwamba umati unaojaribu kutoka kwa kasi zaidi mlangoni waweza kuchelewa zaidi, kwa sababu ya matao hayo hayo ya miili. Mnamo mwaka 2015 watafiti wa Uhispania walichapisha vipimo vya kundi la kondoo likiingia mlangoni kufuata chakula; nako matao yalionekana, na nguzo iliyosimamishwa mbele ya mlango, mahali pafaapo, ilisaidia mtiririko. Kondoo hawakuambiwa wapange foleni. Ilitosha kwamba msukumo wa nyuma haukufika wote mlangoni. Vizuizi vya chuma vinavyoelekeza foleni vituoni hufanya kazi ya namna hiyo, na pia desturi ya kuwaachia wanaoshuka watoke kwanza, kwa kuwa watu wawili wanaokabiliana mlangoni ni tao lililokwisha kujengwa.

Limebaki tatizo la mabasi kuja mawili mawili, ambalo Gordon Newell na Renfrey Potts walilieleza kihesabu mwaka 1964. Na tuuite muda kati ya basi na basi mwachano. Mwachano uliopangwa ni dakika 10. Kila kituo hupata abiria wapya 3 kwa dakika, na kila mmoja hutumia sekunde 4 kupanda. Basi lililo katika wakati wake hukuta watu 30 na kusimama dakika 2. Basi lililochelewa stesheni kwa dakika 2, kwa sababu ya mkupuo wa garimoshi, hukuta watu 36 na kusimama dakika 2.4. Kuchelewa sasa ni dakika 2.4. Kituo kinachofuata kitakuwa 2.88, na hivyo hivyo, kila mara kwa kuzidisha kwa 1.2. Baada ya vituo vitano, dakika 2 zimekaribia kuwa 5. Basi la nyuma yake, lililotoka stesheni kwa saa yake, hukuta watu wachache kuliko ilivyopangwa, husimama muda mfupi, na hulikaribia la mbele hadi yafuatane, moja limejaa hadi ngazini na jingine likiwa na viti vitupu. Madereva wote wawili hawakufanya kosa lolote.

Abiria hulipia jambo hilo kuliko takwimu zinavyokiri. Mabasi mawili kila dakika 20, kwa mwachano wa dakika 10 na 10, humfanya mtu afikaye wakati wowote angoje kwa wastani dakika 5. Miachano ikiwa 2 na 18, mabasi ni yale yale mawili. Lakini watu 18 kati ya kila 20 hufika ndani ya ule mwachano mrefu, na hungoja kwa wastani dakika 9. Wawili tu hungoja dakika moja. Wastani wao wote ni 18 mara 9, kujumlisha 2 mara 1, kugawanya kwa 20: dakika 8.2. Kwa ufupi, kila mwachano uzidishwe kwa nafsi yake, mazao yajumlishwe, kisha yagawanywe kwa mara mbili ya jumla ya miachano.

Mwalimu apendaye zoezi la nje ya darasa aweza kuwaweka wanafunzi wawili wenye saa na daftari katika kituo cha basi kwa muda wa dakika 40, wakiandika kila basi la njia moja linapoondoka. Iwapo kwa mfano wamepata miachano ya dakika 3, 12, 1, 14, 2 na 8, mabasi ni sita, na wastani wa mwachano ni dakika 6.7. Nusu yake ni 3.3. Mazao ya kila mwachano kwa nafsi yake ni 9, 144, 1, 196, 4 na 64, jumla 418. Yakigawanywa kwa 80, kungoja kwa abiria ni dakika 5.2.