Kuchagua Gari Lililokwisha Tumika

Kwetu Muze ni bondeni, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Kwenda Sumbawanga ni kupanda. Kurudi ni kuteremka. Likizo iliyopita baba alikuwa na akiba ya fedha za mpunga, akataka kununua gari lililokwisha tumika. Niliyojifunza kabla ya kwenda naye kulitazama nawapa wenzangu.

Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi na kubadili gia mwenyewe. La otomatiki hujibadilia lenyewe, kwa nguvu za mafuta yaliyomo ndani ya giaboksi. Yote mawili hufaa, ila katika mteremko usitegemee breki tu, kwani zikipata moto mno hazishiki. Tia gia ndogo, injini ilizuie gari. Otomatiki nyingi zina alama ya 2 au L kwa kazi hiyo.

Kabla ya kulipa, jaribu hivi. La mkono: simama mahali tambarare pasipo mtu mbele, funga breki ya mkono, tia gia ya tatu, kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi ni nzima. Ikiendelea kuunguruma, imekwisha. La otomatiki, kama lina kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, kichomoe: mafuta yakiwa meusi na kunuka kuungua, usinunue.

Gari tulilotazama liling'aa kama jipya, lakini injini haikuzimika. Baba alinitazama, akazirudisha fedha mfukoni. Mdogo wangu alilia, maana alikwisha waambia rafiki zake. Lakini rangi nzuri haipandi mlima.