SOMO: PIKIPIKI YA CHAMA INAPOKATAA KUWAKA

Chama cha msingi chenye pikipiki moja hupata hasara mara mbili inapoharibika. Kazi ya kukagua maghala husimama, kisha fedha za wanachama hununua vipuri visivyohitajika. Hasara hii ya pili huletwa na kukosa utaratibu. Kwa pikipiki za zamani zenye pointi, kama Honda CG125 za mwanzo, utaratibu ni huu: moto kwanza, kabureta baadaye.

1. Kupima moto
Plagi hufunguliwa, huunganishwa na waya wake, kisha hugusishwa kwenye chuma cha silinda, mbali na petroli. Kiki ikipigwa, cheche iwe ya buluu na yenye nguvu. Ikiwa hafifu au haipo, plagi husafishwa na nafasi yake kurekebishwa iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Pointi nazo husafishwa. Zinapofunguka kabisa nafasi yake iwe milimita 0.3 hadi 0.4. Pointi zinazoungua upesi baada ya kusafishwa huonyesha kwamba kondensa imekufa.

2. Kusoma plagi
Cheche ikiwa nzuri, rangi ya plagi hueleza hali ya kabureta. Kahawia ni afya. Masizi meusi makavu ni dalili ya petroli kuzidi hewa. Weupe ni dalili ya hewa kuzidi petroli.

3. Hewa ya Ufipa
Sumbawanga ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban moja ya tano. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam, ikifikishwa Mwazye, huweza kula petroli nyingi, kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, ingawa haina ubovu. Kwanza chujio la hewa lisafishwe. Dalili zikibaki, jeti kubwa hubadilishwa kwa iliyo ndogo kidogo. Kuondoa chujio ili hewa iongezeke ni kosa kubwa: vumbi la kiangazi hula silinda na ringi.

4. Safari ya bondeni
Jeti ya zamani isitupwe. Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, ipo chini ya mita 800. Huko hewa ni nzito, na jeti ndogo huweza kuinyima injini petroli hadi ikapata joto la hatari. Anayekwenda kufanya kazi huko airudishe jeti ya kwanza.

Kila rekebisho liandikwe katika daftari la pikipiki, ili dereva ajaye asianze upya.

Maswali ya kikundi
1. Kwa nini moto hupimwa kabla ya kabureta kufunguliwa?
2. Plagi nyeusi huko Mwazye huonyesha nini?
3. Je, daftari la pikipiki ya chama chenu linaonyesha jeti iliyomo sasa?