DENI LINAKULA SHAMBA MBELE YA MWENYEWE
Fundisho kwa watu wa migini iliyo karibu na machimbo

Sikilizeni, ninyi mume na mke mnaolima katika migini ya upande wa Kolwezi, Fungurume, Kambove, Likasi na Kipushi. Fundisho hili si la mbegu wala la mbolea. Ni la deni. Labda mtauliza: Deni ni neno la shamba? Ndiyo. Mtu anaweza kulima vizuri, kupanda kwa mistari, kupalilia kwa wakati wake, na hata hivyo watoto wake wanalala na njaa mwezi wa pili, kwa sababu mavuno yake yalikwisha kuliwa mbele hajayavuna. Mdudu huyu hamtamwona katika majani. Anakaa ndani ya nyumba.

1. NAMNA DENI LINAVYOZAA

Tuhesabu pamoja. Kamata mawe 12, uyaweke chini. Kila jiwe ni gunia moja la mahindi. Nyumba ya mfano wetu inavuna magunia 12 mwezi wa tano, na inakula gunia 1 kila mwezi. Basi magunia 12 yanatosha mwaka mzima. Hakuna deni.

Mwaka wa kwanza. Mavuno yamefika, mioyo inafurahi. Mtu huyu anauza magunia 3 mara moja, wakati watu wote wanauza na bei iko chini. Feza inakwenda kwa nguo, kwa pombe, kwa kilio cha ndugu. Ondoa mawe 3. Yanabaki 9. Chakula kinafika mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza. Miezi 3 inakosa chakula: wa pili, wa tatu na wa nne. Ni wakati wa mvua, wakati wa kupalilia, na bei ya unga imepanda sana. Anakwenda kwa mchuuzi. Mchuuzi anasema: «Nitakupa gunia 1 leo, utanirudishia magunia 2 wakati wa mavuno.» Anakopa 3. Sasa anadaiwa 6.

Mwaka wa pili. Anavuna 12 tena. Mchuuzi anafika na gari, anabeba 6. Yanabaki 6. Chakula kinakwisha mwisho wa mwezi wa kumi, mbele ya kupanda. Miezi 6 inakosa chakula. Anakopa 6, anadaiwa 12.

Mwaka wa tatu. Anavuna 12. Mchuuzi anabeba 12. Angalia chini: hakuna jiwe hata moja.

Sasa fikiri vizuri. Mwaka wa pili mtu huyu hakuuza gunia hata moja. Hakununua nguo, hakunywa pombe. Hakufanya kosa jipya. Magunia 3 ya mwaka wa kwanza yalizaa yenyewe, na kwa miaka miwili tu yamekula shamba lote. Jembe ni lake, jasho ni lake, lakini mavuno ni ya mwingine. Amekuwa mtumishi katika shamba lake mwenyewe.

Kumbuka vilevile kwamba kuuza mahindi yangali mabichi shambani ni deni hilo hilo lenyi jina lingine. Yule anayekupa feza mwezi wa pili kwa mahindi utakayovuna mwezi wa tano hakununui mahindi kwa bei ya mahindi. Ananunua njaa yako.

2. FEZA YA MACHIMBO HAIUI DENI

Wengi wanasema: «Si neno. Mtoto wangu atakwenda kuchimba, tutalipa yote siku moja.» Ninyi wenyewe mmeona mambo haya. Mchimbaji anafika machimboni hana kitu. Mnunuzi wa madini anampa chakula, taa na nyundo kwa kukopa. Kisha mnunuzi yule yule anapima madini kwa mzani wake na kutaja bei yake, na mchimbaji hana ruhusa ya kwenda kwa mwingine, kwa sababu anadaiwa. Mtoto aliyekwenda kulipa deni moja anarudi na madeni mawili.

Tena, feza ya machimbo haikai. Kati ya 1930 na 1932, bei ya shaba ilipoanguka, maelfu ya wafanyakazi wa shaba walirudishwa kwao. Mwisho wa 2008 bei ilianguka tena, na viwanda vingi vidogo vya Katanga vilifungwa. Mwezi wa tatu 2018 tani moja ya kobalti iliuzwa kwa zaidi ya dola 90,000. Mwaka uliofuata ilikuwa karibu dola 30,000. Na mwezi wa pili 2025 Serikali ilisimamisha kupeleka kobalti inje ya inchi, kisha mwezi wa kumi ikaweka kipimo kwa kila kampuni. Mtu wa mugini hakuulizwa siku hata moja kati ya siku hizi.

Hata feza nyingi ya mara moja haitoshi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi na kupewa feza ya kuagana. Walikuwa wamekaa muda mrefu bila mshahara. Wengine walilipa madeni na karo, wakanunua chakula, na baada ya muda mfupi mikono ilikuwa mitupu. Hatuwacheki. Tunajifunza hivi: feza kubwa inayoingia katika nyumba yenyi tundu inatoka kwa tundu lile. Ziba tundu kwanza.

3. TAFUTA TUNDU

Keti na mke wako jioni moja. Usifanye kazi hii peke yako. Mke anajua meka ngapi za unga ziliingia, na mume anajua chupa ngapi zilikunywewa. Kwa mwezi mmoja weka makopo matatu kwenye ukuta. Kila mara unapotoa feza, tia punje ya mahindi: franga 500 ni punje moja.

Kopo la kwanza ni la vitu ambavyo bila hivyo mtu hawezi kuishi: chumvi, sabuni, dawa, karo, mbegu.

Kopo la pili ni la vitu vizuri ambavyo vinaweza kungoja: nguo mpya, kiti, redio.

Kopo la tatu ni la vitu vinavyopita: pombe, sigara, feza ya telefone, mandazi ya njiani, mchezo wa kamari.

Mwisho wa mwezi mwaga punje chini, uhesabu. Watu wengi watashangaa, kwa sababu kopo la tatu linajaa kidogo kidogo na hakuna anayeliona. Hatusemi mtu asinywe kamwe. Tunasema: ajue bei. Kama punje za kopo la tatu zinafikia bei ya gunia, basi amekunywa mwezi mmoja wa chakula cha watoto wake.

Na kilio? Hapa ni pagumu, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kuitwa mchoyo mbele ya maiti. Lakini wazee wa Kiswahili walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Toa ulicho nacho: gunia la makala, sombe, kazi ya mikono yako. Usikope kwa moja-kwa-mbili ili watu wale siku tatu na watoto wako wafunge miezi mitatu.

4. NAMNA YA KUTOKA

Turudie mtu wetu mwisho wa mwaka wa kwanza, akidaiwa magunia 6. Anaweza kutoka kwa mavuno mawili. Fanya kama yeye.

Kwanza, hesabu madeni yote. Yaandike katika daftari: jina la anayedai, kiasi, siku. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule aandike. Deni lisiloandikwa linaongezeka kinywani mwa anayedai.

Pili, acha kukopa. Hili ni gumu kupita yote, lakini bila hili mengine ni bure. Mtu hawezi kutoka shimoni akiwa angali anachimba.

Tatu, nenda kwa anayedai mbele ya mavuno, usingoje aje na gari. Nenda na shahidi, na mkubwa wa mugini akiwapo. Sema hivi: «Mzee, sikatai deni lako. Nitalipa magunia 3 mavuno haya na magunia 3 mavuno yanayofuata, lakini lisiongezeke.» Wengi watakubali, kwa sababu mwenyi kudai anaogopa kukosa yote na anachoka na ugomvi. Andikeni mapatano. Akikataa, mwombe mkubwa wa mugini awasemeshe. Kama una madeni mengi, lipa kwanza lile linalozaa. Deni la ndugu lisilozaa linaweza kungoja, lakini umwambie ndugu yako, usimkimbie.

Nne, mwezi wa tano usiuze hata gunia moja. Amevuna 12, amelipa 3, yanabaki 9: chakula mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza.

Tano, tumia wakati wa kiangazi. Limeni bustani ya mboga bondeni penyi maji: kabichi, nyanya, vitunguu. Watu wa machimbo wanakula mboga kila siku na hawana nafasi ya kulima. Kwa feza ya mboga nunua magunia 2 ya mahindi mwezi wa sita au wa saba, wakati bei iko chini, usingoje mwezi wa pili. Sasa anayo 11: chakula mpaka mwisho wa mwezi wa tatu.

Sita, mvua ya kwanza ikinyesha, panda karibu na nyumba kipande kidogo cha mahindi yanayokomaa upesi, na maboga, na viazi vitamu. Hivyo vitashika mwezi wa nne. Panda vilevile mihogo. Mihogo haitakusaidia mwaka huu, lakini mwaka unaofuata itangoja udongoni kama akiba ambayo mchuuzi haoni. Unga wa mihogo ukichanganywa na wa mahindi unafanya bukari nzuri, na sombe inapatikana juu ya mti ule ule.

Mavuno ya pili: 12, analipa 3 za mwisho, yanabaki 9. Miezi 3 inayokosa inashikwa na mihogo na viazi. Mavuno ya tatu: mawe 12 chini, na yote ni yake. Lingana mtu huyu na yule wa kwanza. Shamba ni moja, mvua ni ile ile. Hesabu ndiyo iliyobadilika.

5. CHUNGA ULICHOVUNA

Gunia lililoliwa na wadudu ni gunia utakalolikopa. Kausha mahindi vizuri mbele ya kuyafunga. Pima hivi: kamata chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, funga, tikisa, acha kidogo. Kama chumvi inashikamana na chupa, mahindi yangali na maji; uyarudishe kwa jua. Kama haishikamani, yamekauka. Weka magunia juu ya miti, yasiguse udongo wala ukuta. Usichanganye mahindi mapya na ya zamani yenyi wadudu. Toa gunia moja siku ya kwanza ya mwezi, na mke na mume wote wawili walione likitoka.

6. MSAIDIANE

Mtu peke yake anashindwa upesi. Katika migini mingi kuna likelemba: watu kumi wanatoa kila mmoja kiasi kimoja, na kila mara mmoja anapokea yote. Jambo hili ni zuri kama watu wanajuana na zamu zinaandikwa. Pokea zamu yako mbele ya kupanda, ununue mbegu, au mwezi wa sita, ununue mahindi ya akiba. Usiipokee usiku wa sikukuu.

Wengine wameanza kuweka gunia moja kila nyumba katika ghala ya pamoja. Anayekosa mwezi wa pili anakopa gunia 1 na kurudisha gunia 1 na meka moja. Lingana hii na moja-kwa-mbili ya mchuuzi.

MAULIZO YA KUJIBU NYUMBANI

Mlikuwa na magunia mangapi mwezi wa tano uliopita? Mangapi yaliliwa nyumbani, na mangapi yalibebwa?

Ni deni gani kati ya madeni yenu linalozaa?

Kopo gani lilijaa zaidi?

Mwezi gani chakula kinakwisha kwenu? Mmepanda nini kwa mwezi ule?

Kama hamwezi kujibu leo, anzeni kwa mawe 12 chini ya mti, na watoto wakitazama. Watoto wanaojua kuhesabu mawe haya hawatalima kwa ajili ya mchuuzi.