Jumatano: Kiungo Kisichosikika

Soma 1 Wakorintho 12:18–25 na Waefeso 4:16. Ni nani aliyeviweka viungo mahali pake? Paulo anavitetea viungo vya namna gani?

Fundi akijenga ukuta mrefu hapa Kibiti hufunga kwanza jukwaa la miti. Jukwaa halipigi plasta wala halipandishi tofali, lakini huwaweka mafundi karibu na kazi na karibu wao kwa wao.

Muumba ameweka jukwaa la namna hii ndani ya chembe nyeupe za damu. Mtoto akishambuliwa na virusi vya surua, chembe ziitwazo chembe T huvitambua kwa kipokezi kilicho juu ya ngozi ya chembe. Ujumbe lazima uingie ndani. Protini iitwayo ZAP-70 huamka, nayo hutia alama kwenye protini nyingine, LAT, iliyopandwa katika ngozi ile huku mkia wake ukining'inia ndani. Kila alama ni mahali pa protini nyingine kujishikiza. Zikishasimama bega kwa bega, hupokezana ujumbe, kalsiamu hupanda, na chembe huanza kuongezeka na kupigana.

LAT yenyewe haikati kitu wala haiungi kitu. Ilitambuliwa mwaka 1998 tu. Watafiti wana chembe za maabara zisizo nayo: kipokezi kipo, ZAP-70 huamka, lakini ujumbe hufia mlangoni. Jambo jingine lilishangaza zaidi. Walipobadilisha sehemu moja tu ya kujishikiza katika LAT ya panya, chembe T ziliongezeka bila kiasi na kuudhuru mwili wenyewe. Kumbe jukwaa lile husaidia pia kuzizuia.

Miaka ya nyuma, nikiwa kiongozi wa Shule ya Sabato, tulikuwa na mama mmoja ambaye hakuwahi kufundisha somo hata mara moja. Alijua nani anaumwa, nani amehamia dunguni msimu wa mpunga, nani hasemi na nani. Mwalimu alipata habari kwake, shemasi alipata kwake. Na maneno ya kuchonganisha yalipofika kwake hayakuendelea. Alipohamia kwa bintiye Dar es Salaam, walimu tulibaki wote, vitabu vya somo vilikuwepo, kwaya iliimba. Ndugu mmoja akalala mgonjwa wiki tatu bila kutembelewa. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake anajua.

Jina la mama yule halikuwamo katika orodha ya watumishi. Orodha ile niliiandika mimi.

(Mfano huu una mpaka wake, kwa maana LAT haina hiari, naye alikuwa nayo.)

Soma tena fungu la 25. Katika darasa lako, ni nani akiondoka leo habari za mgonjwa hazitamfikia mwingine? Mtajeni Sabato hii, akiwa bado ameketi kati yenu.