SOMO LETU: KABLA YA KUFUNGUA INJINI, PIMA VALI NDOGO



Katika kazi ya ustawi wa jamii huku Migori na Homa Bay, nimeona familia zikiingia kwenye deni kwa sababu ya gari kuukuu. Mara nyingi shida huanza na neno moja la fundi: "Injini imekwisha." Leo tujifunze jambo ambalo fundi kijana anaweza kulipima kwa dakika chache, na ambalo mwenye gari ana haki ya kuomba lipimwe kabla hajatoa pesa.

Mfano wetu

Mzee mmoja mstaafu wa upande wa Rongo ana Datsun 240Z, gari la spoti la miaka ya sabini. Wazee watalikumbuka. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta.

Gari la mzee lilianza kuvuja oili, kutoa moshi wa buluu, na kichujio cha hewa kikalowa oili. Fundi wa kwanza akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe. Mzee akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wawili. Bahati nzuri, kwanza alilipeleka kwa kijana mmoja wa jua kali mjini Homa Bay. Kijana akauliza, "Mzee, vali ya PCV ilibadilishwa lini?" Mzee hakujua hata kama ipo.

Vali hii hufanya nini?

Mafuta yakiungua, moshi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka kwenye tumbo la injini, pale krenkishafti inapozunguka. Zamani moshi huo ulitolewa nje hivi hivi tu. Mwaka 1961 huko California, Marekani, magari mapya yalianza kuwekewa vali ya kuurudisha kwenye injini uchomwe tena, ili hewa isichafuke.

Ndani ya vali mna kipini na springi. Injini ikizunguka polepole, mvuto huwa mkali na vali hupitisha hewa kidogo. Ukikanyaga mafuta, mvuto hupungua na vali hufunguka zaidi.

Vali ikikwama imefungwa, presha hujaa tumboni, na oili husukumwa nje kupitia sili na gaskiti, au hupanda hadi kwenye kichujio cha hewa. Ikikwama imefunguka, hewa huingia kupita kiasi, injini hutetemeka ikiwa haijakanyagwa mafuta, na oili inaweza kuvutwa na kuungua.

Namna ya kupima

Fanyia kazi mahali wazi, maana moshi wa gari huua. Usivute sigara. Nguo na mikono ikae mbali na feni.

1. Tafuta vali. Kwenye 240Z huwa chini ya bomba linalounganisha njia za hewa za kabureta mbili. Kagua paipu yake ya mpira. Ikiwa imepasuka, imelainika au imeziba, ibadilishe.

2. Washa injini, chomoa paipu upande wa vali, kisha ziba mdomo wa vali kwa kidole. Lazima usikie mvuto. Pasipo mvuto, vali au njia yake imeziba.

3. Zima injini, iache ipoe, fungua vali uitikise. Kipini kigonge kama punje ndani ya kibuyu. Kisipogonga, vali imekwama. Lakini kikigonga, usiseme bado ni nzima, kwani springi inaweza kuwa imechoka.

4. Rudisha vali nzima na paipu safi. Washa injini, ziba paipu ya hewa safi inayoingia kwenye kifuniko cha juu, toa kifuniko cha kutilia oili, weka karatasi ngumu juu ya tundu. Baada ya muda mfupi karatasi inapaswa kuvutwa. Ikiendelea kurushwa juu, hapo ndipo ushuku ringi, na upime komprasheni ya kila silinda.

Vali ya mzee haikuvuta wala haikugonga. Ilikuwa imejaa uchafu mweusi wa oili. Ilipowekwa nyingine na paipu kusafishwa, karatasi ilivutwa. Kichujio kilibadilishwa pia, na baada ya siku kadhaa moshi ulikwisha na uvujaji ukapungua sana. Sili moja kuukuu bado ilihitaji kubadilishwa, na kijana alimwambia mzee ukweli huo. Ng'ombe walibaki zizini.

Maonyo

Usizibe paipu kwa bolti kama wengine wafanyavyo, kwani presha itavunja sili. Usifunge vali yoyote ati kwa kuwa nyuzi zake zinaingia. Tafuta inayolingana na injini hiyo. Oili iliyomwagika isioshwe mtoni wala ziwani, maana maji hayo ndiyo tunayokunywa na humo ndimo wavuvi wetu wanapata riziki.

Kijana fundi, ukimwokolea mtu ng'ombe wake atakuletea wateja kumi. Ukimfungulia injini bure, atawaeleza watu mia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini karatasi ipimwe baada ya vali kuwa nzima, wala si kabla?
2. Mwenye gari aulize nini kabla ya kukubali injini ifunguliwe?
3. Gereji za hapa kwetu humwaga wapi oili chafu, nasi tufanye nini?