Usiziuze Lenzi Zako za Zamani, Mdogo Wangu

Wadogo zangu mnaopiga picha za harusi, send-off na kitchen party, leo nawaomba jambo moja. Ukinunua kamera mpya isiyo na kioo ndani, hii mnayoiita mirolesi, usikimbilie kuuza lenzi ulizozitafuta kwa jasho. Lenzi nzuri inabaki nzuri hata bodi ikibadilika. Unachohitaji ni adapta.

Najua adapta zinawachanganya. Dukani zote ni pete za chuma zinazofanana, lakini moja ni bei chee na nyingine inauzwa mara kumi yake. Ukijua kazi yake, utajua unacholipia.

Kamera za zamani zilikuwa na kioo kati ya lenzi na sensa, kwa hiyo lenzi ililazimika kukaa mbali. Lenzi ya Canon EF imeundwa ikae milimita 44 kutoka kwenye sensa, na ya Nikon F milimita 46.5. Kioo kilipoondolewa, umbali huo ulipungua hadi milimita 20 kwenye Canon RF na 16 kwenye Nikon Z. Adapta inaziba tu pengo lililobaki: milimita 24 kwa Canon, 30.5 kwa Nikon. Ndani yake ni uwazi mtupu. Muuzaji akikutisha kwamba adapta ya namna hii inaharibu ubora wa picha, mwambie aitazame katikati akuonyeshe kioo cha lenzi kiko wapi.

Sasa geuza lenzi yako uitazame nyuma, maana hapo ndipo uamuzi ulipo. Lenzi za Canon EF, tangu zilipotoka mwaka 1987, zinaendeshwa kwa umeme kila kitu: otofokasi na hata kufungua na kufunga tundu la mwanga. Zile nukta zinazong'aa nyuma yake ndiyo njia ya umeme huo. Ukinunua pete isiyo na nukta, otofokasi haipo na tundu linabaki wazi muda wote. Kwa bodi za EOS R, adapta ya Canon wenyewe inaifanya lenzi ya EF ifanye kazi kama iko nyumbani. Lenzi za EF-S nazo zinaingia, ila bodi yenye sensa kubwa inakata picha: kwenye R6 yenye megapikseli 20 unabaki na kama 8. Mteja akitaka picha kubwa ya ukutani, utaona upungufu.

Wa Nikon, nyinyi ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu mtego wenu hauonekani kwa macho. Adapta ya FTZ inapokea lenzi nyingi sana, lakini haina mota ndani yake. Lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P zina mota zao, kwa hiyo otofokasi inaendelea. Lakini ile 50mm f/1.8D, ambayo wengi wenu mmeanza nayo kwa kuwa ni nafuu, ilikuwa inazungushwa na mota ya bodi. Kwenye FTZ itakaa vizuri, tundu litafanya kazi, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Soma herufi kwenye lenzi kabla ya kutoa hela.

Lenzi za mkono mtupu, kama Helios 44 ya Kisovieti au Minolta za zamani, zinatosheka na pete ya bei chee. Kwenye menyu ruhusu kamera ipige bila kutambua lenzi, washa rangi zinazoonyesha palipo na fokasi, na uiambie lenzi ni ya milimita ngapi ili kitulizaji cha mtikisiko kikokotoe sawasawa. Kwa picha za bibi harusi aliyetulia ni tamu mno. Maharusi wakiingia ukumbini wakicheza, weka pembeni.

Kabla ya kulipa, ifunge adapta na uitikise, ikicheza, irudishe. Kisha toka nje, lenga kitu cha mbali sana, mnara wa simu kwa mfano. Fokasi ikikataa kufika, pete hiyo ni nene kupita kiasi. Na lenzi ikiwa nzito, shika lenzi, usishike bodi peke yake, maana uzito wote unaning'inia kwenye maungio.

Kwa hiyo, mwenye EF na fedha ya kitu kimoja mwezi huu, nunua adapta ya Canon kabla ya lenzi yoyote ya RF. Na wewe mwenye lenzi za D tupu, kama bodi yako ni D750 au D7200 yenye mota, endelea nayo kwenye harusi hadi upate walau lenzi moja ya AF-S.