Paka na Kitanda cha Kulalia

Limetufikia suali kutoka Dagoretti, magharibi ya Nairobi, kwa mama mmoja mtu mzima aliyehama Mombasa kwenda kukaa na mwanawe huko Riruta baada ya kufiwa na mumewe. Katika vitu vyake vya nyumbani hakushughulika sana na kimoja ila paka wake wa miaka mingi, akamtia katika kikapu na kupanda naye basi. Asema kwamba kwao paka huyo alikuwa akilala juu ya kitanda chake, miguuni pake, kila usiku. Tangu kufika Riruta amekataa: mchana hujificha chini ya kabati, na usiku husimama mlangoni akalia. Mama ataka arudi kitandani, khasa kwa kuwa baridi ya huko imemuingia, na upweke pia. Lakini mwanawe amemwambia kwamba paka ni najisi, na kwamba nguo alizolalia hazifai kusalia. Mkewe mwanawe ni mja mzito, naye aogopa maradhi. Jirani naye amesema kwamba paka aliaye usiku si paka bali ni jini, akamwelekeza kwa mganga. Kwa maneno haya yote, paka sasa hufungiwa nje usiku. Mama atuuliza: je, pana ubaya katika sharia mtu kulala na paka kitandani? Na kama hapana, atamvuta vipi arudi?

Twaanza na tohara, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyomfungia paka mlango.

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik, na katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi na wengineo, khabari ya Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyekuwa mke wa mwana wa Abu Qatada. Abu Qatada aliingia kwake, naye akammiminia maji ya kutawadha. Akaja paka kutaka kunywa, na mzee yule akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Kabsha akamtazama kwa kustaajabu. Abu Qatada akamuuliza kama amestaajabu, kisha akampa khabari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, kwani yeye ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Na jambo hili la kuzunguka ndilo lile lililotajwa katika Sura ya Nuur, aya ya 58, juu ya watumishi na watoto wadogo wanaoingia na kutoka kwetu mara kwa mara, wakafanyiwa wepesi wa ruhusa. Msomaji azingatie kwamba maji yale yalikuwa ya udhu, wala hayakumwagwa.

Basi paka aliye hai ni tohara, na mate yake ni tohara. Katika madhehebu manne hakuna hata moja inayomhukumu paka aliye hai kuwa ni najisi kwa dhati yake. Yaliyobaki ni matawi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, unyoya unaobanduka kwa mnyama aliye hai asiyeliwa huhisabiwa najisi, lakini ulio kidogo husamehewa, na kipimo cha kidogo ni kile ambacho watu kwa ada hukiona ni kidogo. Wanazuoni wa Kihanafi na wa Kimaliki wao wauona unyoya huo ni tohara tangu asili. Kwa hivyo mama huyu hana dhiki. Atandike leso moja juu ya blanketi pale alalapo paka, aikung'ute nje kila asubuhi, na kanzu na mtandio wake wa kusalia avitundike mahali ambapo paka hafiki. Manyoya mawili matatu yaliyomponyoka hayamharibii Sala.

Ama mkojo na mavi ya paka, hayo ni najisi bila ya ubishi, na yakiingia kitandani ni lazima yaoshwe. Iondolewe kwanza ile najisi yenyewe, kisha yamiminwe maji mpaka rangi na harufu ziondoke, kisha kitu kianikwe juani. Godoro likinywa mkojo huwa kazi kubwa. Mwenye kutandika mpira chini ya shuka hujipunguzia taabu. Wala asisafishe kwa dawa yenye harufu ya amonia, kwani harufu hiyo hufanana na ya mkojo, na paka huifuata akarudia pale pale.

Wako na wengine waliopindukia upande wa pili, nao yafaa wasahihishwe pia. Husemwa misikitini na mitaani kwamba kumpenda paka ni katika imani, na maneno hayo akabandikwa Mtume. Wanazuoni wa Hadithi, miongoni mwao Saghani na Mulla Ali Al-Qari, wameyahisabu kuwa ni ya kuzuliwa. Na kile kisa mashuhuri cha Mtume kuikata mkono wa nguo yake ili asimuamshe paka aliyelala juu yake, pamoja na jina walilompa paka huyo, hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Kisa ni kizuri, lakini uzuri wa kisa si isnadi. Anayetaka khabari iliyopokewa na atazame ile ya Abu Huraira, ambaye Tirmidhi amepokea sababu ya jina lake: alikuwa akichunga mbuzi na kondoo wa watu wake, naye ana kipaka kidogo, mchana akichukuana nacho na kucheza nacho, na usiku akikiweka juu ya mti. Kwa hivyo hata kwa Abu Huraira hatupati dalili ya kitanda! Twapata dalili ya mapenzi tu, na kitanda chabaki katika mambo ya halali ambayo mtu akitaka hufanya, asipotaka huacha.

Juu ya jini hatutasema mengi. Majini wako, nasi twaamini hivyo; lakini kumhukumu paka fulani wa mtu fulani kuwa ni jini kwa sababu alilia usiku, hilo halina aya wala Hadithi. Paka hulia kwa njaa, kwa baridi, kwa kutaka mwenzake, na kwa kuwa mlango umefungwa. Mlango ufunguliwe kabla ya fedha kupelekwa kwa mganga.

Tena sharia ina neno juu ya kumfungia paka. Katika Bukhari na Muslim imo khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhi. Khabari hii yawahusu wote wawili: mwana amfungiaye nje, na mama pia, kama atamfungia chumbani ili alale naye kwa nguvu bila ya maji na bila ya mahali pa kujisaidia.

Sasa tuje kwenye namna ya kumrudisha, ambayo ndiyo khasa aliyoitaka muulizaji.

Yapasa kufahamu kwanza kwa nini paka amekataa. Asili ya paka wa nyumbani ni paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, aliyezoeana na watu yapata miaka elfu kumi iliyopita walipoanza kuweka nafaka na panya wakaja. Tabia ya mwitu haikumtoka. Paka huijua nchi yake kwa pua: hujisugua mashavu mlangoni na mwenye viti, akaacha harufu yake, na mahali penye harufu hiyo ndipo kwake. Nyumba ya Riruta haina harufu yake hata kidogo. Ina harufu ya rangi, ya watu wengine, na kelele za matatu asizozijua. Kujificha kwake si ukaidi wala chuki kwa mama; mnyama huyu ni mgeni aliyeogopa.

Kwa hivyo asivutwe kwa miguu kutoka chini ya kabati, wala asibebwe akawekwa juu ya kitanda na kushikiliwa. Paka aliyeshikiliwa kitandani mara moja hujifunza kwamba kitanda ni mtego. Apewe chumba kimoja tu kwanza, nacho kiwe ni kile cha mama, kwa siku kadhaa: chakula pembe moja, maji mbali kidogo, na sanduku la mchanga pembe ya mbali kabisa, kwani paka hapendi kujisaidia karibu na chakula chake. Ile leso ya kutandikiwa isiwe mpya iliyotoka dukani. Iwe kuukuu, aliyoivaa mama siku mbili tatu bila ya kuifua. Leso yenye harufu ya mwenyewe kwa paka ni kama barua kutoka kwao.

Kisha kuna jambo la mpango wa usiku, na watu wengi hulikosa. Paka kwa tabia yake huwinda, kisha hula, kisha hujiramba, kisha hulala. Anayetaka paka alale wakati wake na amfuatishe mpango huo. Baada ya Isha mama achukue uzi mrefu wenye kitambaa kwenye ncha, auburure sakafuni polepole, paka aufukuze mpaka achoke. Uzi usiachwe chini baada ya mchezo, kwani paka huweza kuumeza ukamkata matumbo. Papo hapo ampe chakula chake kikubwa cha siku: dagaa, ambao Nairobi huitwa omena, au nyama iliyopikwa. Maziwa si lazima kama wadhaniavyo wengi, kwani paka wengi wakubwa huwaharisha. Akishakula atajiramba, na akishajiramba atatafuta mahali penye joto.

Na hapa baridi ya Dagoretti, ambayo mama ameilalamikia, yamsaidia. Sehemu hizo ziko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,800; si bure Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imeweka makao yake hapo Dagoretti Corner. Mwezi wa Julai joto la usiku huteremka kiasi cha digrii 12, na siku nyengine chini ya hapo, ilhali Mombasa mwezi huo huo huwa kiasi cha 20. Mwili wa paka una joto la digrii 38 mpaka 39, naye hustarehe khasa penye joto ambalo sisi twaliona kali, digrii 30 na kuzidi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ikaviringwa kitambaa na kuwekwa chini ya ile leso nusu saa kabla ya kulala, yatosha kumwita kuliko maneno mia.

Akipanda, mama asimrukie kwa furaha. Amwache. Azungumze naye kwa sauti ndogo, na asiichezeshe miguu chini ya blanketi, kwani paka huidhania ni panya. Akishuka asimfuate. Paka wa miaka mingi pia huumwa na viungo kama sisi wazee, na yamkini hawezi tena kuruka. Kigoda kando ya kitanda kitamsaidia. Na kama hali vizuri, au amekonda, au ana choa ngozini, asipandishwe kitanda mpaka aonwe na mganga wa wanyama. Skuli ya utabibu wa wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, si mbali na Riruta. Huko apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata, na apewe dawa ya minyoo na ya viroboto. Ile dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini asipakwe kamwe, huua paka.

Imebaki khofu ya mkewe mwana, nayo si khofu ya kupuuzwa. Yako maradhi yaitwayo toksoplasma, ambayo mja mzito akiyapata mara ya kwanza huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini njia yake yafaa ijulikane. Hayatoki katika unyoya wala katika kulala chumba kimoja. Hutoka katika mavi ya paka aliyekula panya au nyama mbichi, na mavi hayo hayaambukizi mpaka yapitiwe na siku moja au zaidi. Basi mchanga wa paka usafishwe kila siku, wala usisafishwe na mja mzito. Paka asipewe nyama mbichi, wala matumbo ya bure kutoka machinjioni Dagoretti kabla ya kupikwa. Naye mwanamke mwenyewe ale nyama iliyoiva, na mboga azioshe sana, kwani wengi waliopata maradhi haya waliyapata kwa chakula na udongo. Paka kufungiwa nje kwazidisha jambo hili, maana nje ndiko aliko panya.

Mtoto akizaliwa, hapo tutamwambia mama kwamba haki ya mtoto yatangulia. Si kwa sababu paka hunyonya pumzi ya watoto, kama isemwavyo. Hilo ni uzushi. Ni kwa sababu paka hufuata joto, na mtoto mchanga hawezi kumsukuma aliyelala karibu na uso wake. Chumba cha mtoto kifungwe usiku, na paka abaki kwa bibi. Na mtu yeyote nyumbani mwenye pumu ambayo huzidi akikaribiana na paka, naye kitanda chake kiwe mbali.

Mwisho, mama ajitayarishe kwa alfajiri. Paka huchangamka jua likikaribia kuchomoza na likikaribia kutua, kwa hivyo yamkini atamkanyaga kifua kabla ya adhana. Asimpe chakula saa hiyo hiyo. Atawadhe, asali, akae mpaka amalize nyiradi zake, ndipo amwekee sahani. Akimlisha mara tu anapoamshwa, kesho paka atamwamsha saa kumi, na kesho kutwa saa nane ya usiku.